Klimatizeri haili gazi: ukijaziwa kila mwaka, ujue kuna tundu

Anayetoka Bukavu kwa gari na kuteremka mlima wa Ngomo hadi Kamanyola anavua koti njiani. Ziwa Kivu liko kwenye metre 1460 hivi juu ya bahari, Ziwa Tanganyika kwenye metre 770 hivi. Ndiyo maana wakaaji wa Bukavu na Goma wanalala na blanketi, huku wale wa Uvira na Kalemie wanatafuta upepo. Katika miji hiyo ya joto, na Lubumbashi mwezi wa tisa na wa kumi kabla ya mvua, klimatizeri si kitu cha hoteli na ofisi peke yake tena. Imeingia nyumbani.

Pamoja nayo kumeingia gharama moja ambayo familia nyingi zimeizoea. Joto linapoanza, mashine inapuliza hewa lakini haileti baridi. Fundi wa frigo anaitwa, anasema gazi imeisha, anajaza, analipwa. Baridi inarudi. Baada ya miezi michache, mambo ni yaleyale, na pesa iliyokuwa ya masomo ya watoto inaenda tena kwenye chupa ya gazi.

Ukweli ni kwamba gazi ya klimatizeri haitumiki ikaisha kama esansi ya pikipiki. Inazunguka ndani ya mabomba ya shaba yaliyofungwa kabisa. Inachukua joto la chumba, kompresa inaisukuma nje, joto linatupwa kule, kisha inarudi. Mashine iliyofungwa vizuri inaweza kufanya kazi miaka mingi bila kuongezewa hata gramu moja. Gazi ikipungua, imetoka mahali fulani: kwenye nati ya kuunganisha bomba, kwenye shaba iliyosuguana na ukuta, au kwenye bomba lililoliwa na kutu. Kujaza bila kuziba ni kumwaga maji katika ndoo iliyotoboka.

Hasara haiishii hapo. Gazi hiyo inayozunguka ndiyo inapoza mota ya kompresa na kurudisha mafuta yake. Ikiwa kidogo, kompresa inapata moto, na siku moja inaungua. Kununua kompresa nyingine kunakaribia bei ya mashine nzima.

Lakini kabla ya kulaumu gazi, tazama uchafu. Vumbi la barabara zetu wakati wa kiangazi, pamoja na moshi wa makala, vinaziba filtre ya ndani upesi sana. Hewa ikikosa njia, baridi inapungua na barafu inaweza kushika kwenye mabomba, mtu akadhani ni gazi. Filtre inatolewa kwa mkono, inaoshwa kwa maji na sabuni kidogo, inakaushwa kivulini. Wakati wa vumbi, fanya hivyo kila wiki mbili. Boksi la nje nalo linaoshwa kwa maji yasiyo na nguvu nyingi, umeme ukiwa umekatwa. Usianike nguo juu yake wala kulizungushia mizigo: pale ndipo joto la chumba linatokea. Maji yakidondoka ndani ya nyumba, mara nyingi ni kibomba cha kutolea maji kilichoziba.

Adui mwingine ni umeme. Mashine nyingi za nyumbani zimetengenezwa kwa volti 220 hadi 240. Umeme ukishuka sana, mota inavuta nguvu nyingi kuliko kawaida na kupata moto. Umeme ukikatika na kurudi mara moja, kompresa inalazimishwa kuanza wakati shinikizo la gazi bado halijashuka. Mashine ambayo haina kinga ndani yake, ingojee dakika tatu hadi tano kabla ya kuwashwa tena. Stabilizateri yenye nguvu ya kutosha, waya wake peke yake na dijonkteri yake ni bei ndogo kuliko kompresa.

Kwa anayetaka kubadili mashine, jambo la kwanza ni kusoma kibandiko kilicho ubavuni: jina la gazi limeandikwa pale, na uzito wake. Mashine za zamani zinatumia R22, gazi inayoharibu tabaka la ozoni. Chini ya mapatano ya Montreal ya mwaka 1987, inaondolewa sokoni, na kwa nchi kama yetu mwaka wa kuiacha ni 2030, ikibaki kidogo tu kwa matengenezo. Umoja wa Ulaya ulikataza kujaza R22 mpya tangu 2010, na ile iliyosafishwa tangu 2015. Kwa hiyo anayenunua mashine ya R22 iliyotumika Ulaya, kwa sababu bei yake ni nafuu, ananunua kitu ambacho huko hakiwezi tena kujazwa gazi yake.

Mwaka 2016, hapa jirani Kigali, nchi zilikubaliana kupunguza pia gazi zilizofuata, kama R410A, kwa sababu zinapasha dunia joto. R32, iliyo katika mashine nyingi mpya, ina nguvu hiyo karibu theluthi moja tu ya R410A, lakini inaweza kushika moto. R290 ni propane, ndugu ya gazi ya kupikia. Ni nzuri katika mashine iliyotengenezwa kwa ajili yake. Fundi akitaka kuitia katika mashine ya R22, kataa: inaweza kuwaka moto ndani ya nyumba.

Mashine ya inverta inakula umeme kidogo, maana mota yake inapunguza mwendo badala ya kuzima na kuwaka kila mara. Ila kadi yake ya elektroniki inaogopa umeme unaopanda ghafla, hivyo inahitaji kinga. Tena, chumba chenye mabati bila plafoni kitashinda mashine yoyote. Kutengeneza plafoni na kuziba nyufa za madirisha kunaweza kukuepusha kununua mashine kubwa.

Siku fundi atakapokuja, muulize mambo matatu kabla ya kumlipa. Tundu liko wapi, naye akuonyeshe povu la sabuni pale linapotoka? Baada ya kuziba, ametoa hewa yote na unyevu kwa pompu? Ametia gazi ya jina gani, na uzito gani, kwa mizani? Fundi mzuri hatakasirika. Anayesema tu kwamba gazi imeisha, mwambie atafute kwanza ilikotokea.