Kababu Nyepesi: Somo la Sayansi Kutoka Jikoni

Mamba, iliyoko katika Wilaya ya Mlele, Mkoa wa Katavi, ni nchi ya mahindi, mpunga, karanga na alizeti. Imo ndani ya bonde la Ziwa Rukwa, na ng'ombe huchungwa humo kwa wingi. Chakula kikuu ni ugali wa mahindi. Sasa mahindi, ijapokuwa yanashibisha, yana upungufu wa laisini na triptofani, asidi-amino mbili ambazo mwili hauwezi kujitengenezea. Upungufu huo huzibwa na nyama, samaki, maziwa au jamii ya kunde. Kwa hiyo swali la jinsi ya kuitumia vizuri nyama kidogo tuliyo nayo si swali la anasa.

Njia moja ni kababu, yaani nyama iliyosagwa au kupondwa, ikatiwa viungo na kuviringwa. Chakula hiki tumekizoea kutoka pwani, na kwa kawaida hukaangwa ndani ya mafuta mengi. Hapo ndipo uzito wake unapoanzia. Gramu moja ya mafuta hutoa nishati ya kilokalori 9, ambapo gramu moja ya protini au ya wanga hutoa 4 tu. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta, chenye gramu 13.5 hivi, hubeba zaidi ya kilokalori 120.

Je, mafuta huingiaje katika kababu? Wakati wa kukaanga, maji yaliyomo ndani hugeuka mvuke na kusukuma kuelekea nje, na mvuke huo huyazuia mafuta. Kababu ikishatolewa na kuanza kupoa, mvuke hugeuka tena maji, kani ya ndani hupungua, nayo mafuta yaliyobaki juu hufyonzwa kupitia vitundu vya ganda. Ndiyo maana anayekaanga hana budi kuyachuja mafuta mara moja, kababu zingali moto.

Lakini ipo njia iliyo bora zaidi. Chukua nusu kilo ya nyama isiyo na mafuta mengi. Pasipo na mashine ya kusagia, ikatekate kwa kisu kikali kisha uitwange katika kinu kilichooshwa vizuri. Changanya na kikombe kimoja cha kunde zilizochemshwa zikalainika na kupondwa, kitunguu kilichokatwa vipande vidogo sana, kitunguu saumu, tangawizi, yai moja na kijiko kidogo kimoja cha chumvi. Ukande mchanganyiko mpaka ushikamane. Chumvi huyeyusha sehemu ya protini za nyama, nazo hugeuka kama gundi. Nyama pekee isiyo na mafuta hukauka, kwani protini zake zikipata joto hujikunja na kukamua maji. Wanga wa kunde huyashika maji hayo, na kababu hubaki laini.

Viringa madonge 20 hivi, yenye kipenyo cha sentimeta 4. Yatokose kwa dakika 20 katika maji yanayochemka taratibu, kisha yaepue na kuyageuzageuza katika kikaango chenye kijiko kimoja cha mafuta ya alizeti. Hatua hii ya pili ina sababu yake. Rangi ya kahawia na harufu ya nyama choma hutokana na mmenyuko uliofafanuliwa mwaka 1912 na Mfaransa Louis-Camille Maillard. Mmenyuko huo huhitaji joto linalopita sana lile la maji yanayochemka, na maji yenyewe, katika mwinuko wa bonde la Rukwa, huchemka kwenye nyuzi 97 hivi za Sentigredi.

Hatua ya kwanza inahusu usalama. Katika kipande kizima cha nyama, bakteria wengi hukaa juu. Nyama ikisagwa, huenea mpaka katikati. Hali kadhalika, nyama ya ng'ombe isiyokaguliwa huweza kuwa na mabuu ya tegu. Nyama ya kusaga yapasa ifikie nyuzi 71 katikati, na rangi pekee si shahidi wa kutegemewa, maana nyama huweza kugeuka kahawia kabla ya kufikia joto hilo. Asiye na kipimajoto atategemea udogo wa donge, mchemko na muda. Tena, nyama iliyosagwa isilazwe nje. Bakteria mmoja anayegawanyika kila baada ya dakika 20 huwa 512 kwa saa tatu.

Hapa yapasa tuonye. Wepesi huu unamfaa mtu mzima mwenye unene uliozidi au shinikizo la damu. Mtoto mdogo anayenyong'onyea anayahitaji mafuta, kwani tumbo lake ni dogo na mahitaji yake ya nishati ni makubwa, yeye asinyimwe. Chumvi nayo ipimwe: Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima atumie chini ya gramu 5 kwa siku, na kababu nne za kipimo chetu zina gramu moja hivi.

Kuna faida nyingine. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015–16 ulionyesha kwamba asilimia 58 ya watoto wa Tanzania wenye umri wa miezi 6 hadi 59, na asilimia 45 ya wanawake wa umri wa kuzaa, walikuwa na upungufu wa damu. Madini ya chuma yaliyomo katika kunde hufyonzwa kwa shida, lakini yakiliwa pamoja na nyama hufyonzwa vizuri zaidi. Maji ya ndimu, yakikamuliwa mezani wala si jikoni ambako joto huharibu vitamini C, huongeza ufyonzaji huo. Chai huupunguza, afadhali inywewe saa moja au zaidi baada ya mlo.

Mwalimu aweza kuligeuza jambo hili kuwa zoezi la darasa. Wanafunzi wapime mafuta ya kukaangia kabla na baada ya kukaanga kababu kumi, wagawanye tofauti kwa kumi, kisha wazidishe kwa 9. Kundi la pili lipoze mchuzi wa kutokosea, lienguwe mafuta yaliyoganda juu na kuyapima. Tarakimu hizo mbili ziandikwe ubaoni, nao wanafunzi waeleze wenyewe zimetokana na nini.