Stempu ya senti moja, sarafu ya Dola 20: Nani hupanga bei za rekodi mnadani?

TAREHE 8 Juni 2021, mbunifu wa viatu wa Marekani, Stuart Weitzman, aliuza vitu vitatu vidogo, vikiwamo hivi viwili, katika mnada wa kampuni ya Sotheby's jijini New York. Cha kwanza kilikuwa sarafu ya dhahabu ya mwaka 1933 yenye thamani ya Dola 20 kwa mujibu wa maandishi yake. Cha pili kilikuwa stempu ya senti moja iliyochapishwa mwaka 1856 katika koloni la Guiana ya Uingereza, ambalo leo ni nchi ya Guyana.

Sarafu hiyo ilinunuliwa kwa Dola milioni 18.9 na kuweka rekodi ya dunia ya bei ya sarafu moja. Stempu ilipata Dola milioni 8.3.

Kwa mtu wa kawaida, zote mbili ni bei za kustaajabisha. Hata hivyo, hesabu ya Weitzman ilikuwa tofauti. Sarafu aliinunua mwaka 2002 kwa Dola milioni 7.59, hivyo bei yake ilikuwa imepanda zaidi ya maradufu. Stempu aliinunua mwaka 2014 kwa Dola milioni 9.48, bei iliyokuwa rekodi ya dunia, na sasa ilikuwa imeshuka kwa zaidi ya Dola milioni moja. Muuzaji alikuwa yule yule na mnada ule ule, lakini matokeo yalipishana.

Tofauti hiyo inaeleza jambo ambalo habari za rekodi za mnadani mara nyingi hulificha: bei ya rekodi haielezi thamani ya kudumu ya kitu, bali hueleza walikuwapo akina nani siku ile na walikitaka kwa kiasi gani.

Kutoka shilingi sita

Stempu hiyo ya rangi nyekundu iliyokoza haikukusudiwa kuwa hazina. Mwaka 1856 koloni lilipungukiwa na stempu zilizokuwa zikiletwa kwa meli kutoka Uingereza. Mkuu wa posta akaagiza wachapishaji wa gazeti la huko, mjini Georgetown, wachapishe za dharura. Kwa kuhofia kughushiwa, makarani wa posta walitakiwa kuzitia saini kwa mkono kabla ya kuziuza.

Mwaka 1873, mvulana wa miaka 12 aliyeitwa Vernon Vaughan aliikuta moja miongoni mwa karatasi za familia yake. Aliiuza kwa shilingi sita za Uingereza. Hakuna aliyejua wakati huo kwamba nyingine ya aina hiyo haitathibitishwa kupatikana tena.

Baadaye ilifika kwa mkusanyaji tajiri aliyeishi Paris, Philipp von Ferrary. Alipofariki mwaka 1917, aliacha wosia kwamba stempu zake zipewe makumbusho ya posta ya Berlin. Lakini Ufaransa, iliyokuwa vitani na Ujerumani, ilizitaifisha na kuziuza mnadani kama sehemu ya fidia ya vita. Mwaka 1922 mwenye viwanda wa Marekani, Arthur Hind, aliichukua stempu hiyo kwa zaidi ya Dola 30,000, ikawa rekodi. Iliuzwa kwa Dola 280,000 mwaka 1970, na Dola 935,000 mwaka 1980.

Kilichopandisha bei hizo hakikuwa uzuri wake, kwa kuwa pembe zake zimekatwa na uso wake umefifia. Ni upekee, pamoja na historia ya wamiliki wake.

Uzee si uhaba

Wengi hudhani kwamba kitu cha kale ni lazima kiwe ghali. Stempu ya kwanza duniani, Penny Black, ilitolewa Uingereza mwaka 1840, yaani miaka 16 kabla ya ile ya Guiana. Lakini zilichapishwa zaidi ya milioni 68, na zilizobaki ni nyingi kiasi kwamba mkusanyaji wa kipato cha wastani anaweza kuipata iliyotumika.

Kwa upande mwingine, sarafu ya Weitzman haikuwa na miaka 100. Zaidi ya 445,000 za aina yake zilitengenezwa mwaka 1933, lakini Rais Franklin Roosevelt alisitisha matumizi ya sarafu za dhahabu, na karibu zote zikayeyushwa. Hiyo moja ndiyo pekee iliyoruhusiwa kisheria kumilikiwa na mtu binafsi. Uhaba wake ulitokana na amri ya serikali.

Wakati mwingine hata kitu chenyewe hakibadiliki, hubadilika jina tu. Mchoro uitwao Salvator Mundi uliuzwa London mwaka 1958 kwa Pauni 45, ukidhaniwa kuwa wa mwanafunzi wa Leonardo da Vinci. Novemba 2017 uliuzwa New York kama kazi ya Leonardo mwenyewe kwa Dola milioni 450.3, bei kubwa kuliko zote zilizowahi kulipwa mnadani kwa kazi ya sanaa hadi wakati huo. Wapo wataalamu ambao bado wanabishana kuhusu mkono uliouchora.

Washindani wawili

Wahenga walisema kizuri chajiuza. Mnadani hakijiuzi kwa bei kubwa mpaka wapatikane angalau watu wawili wanaokitaka. Tajiri mmoja akibaki peke yake, dau husimama karibu na kiwango cha chini alichokubali muuzaji. Akitokea wa pili asiyetaka kushindwa, bei hupaa.

Aidha, bei inayotangazwa si ile iliyotajwa nyundo ilipogongwa. Mwaka 2014 nyundo iligongwa kwenye Dola milioni 7.9 kwa stempu ya Guiana. Kiasi kilichobaki hadi kufikia milioni 9.48 ni ada ambayo mnunuzi huilipa kampuni ya mnada. Ndiyo maana anayenunua leo na kuuza kesho kwa dau lile lile huwa amekwisha kupata hasara.

Hata rekodi hiyo ya mwaka 2014 haikufikia makadirio, kwani kampuni ilitarajia kati ya Dola milioni 10 na 20. Mwaka 2021 makadirio yalikuwa kati ya milioni 10 na 15, na bei ikashuka zaidi.

Kwa mwenye bahasha za zamani kabatini, au anayeshawishiwa kununua sarafu ya kale kwa ahadi kwamba itamtajirisha, maswali ya kuuliza si mengi. Zilitengenezwa ngapi? Zimebaki ngapi? Nani amethibitisha kwamba ni halisi? Na zaidi ya yote, yuko nani mwingine anayeitaka? Swali hilo la mwisho lilimpatia Weitzman mamilioni kwa sarafu, na likampotezea mengine kwa stempu, siku hiyo hiyo.