Kisima kinapotapika vilindini: Mbona kukiziba ni kazi ngumu?

KUZIBA bomba la maji linalovuja uani ni kazi ya fundi mmoja, spana na dakika chache. Kuziba kisima cha mafuta kinachovuja mita 1,500 chini ya bahari ni kazi iliyoishughulisha nchi tajiri zaidi duniani kwa siku 87.

Hayo yalitukia katika Ghuba ya Mexico mwaka wa 2010. Usiku wa Aprili 20, mtambo wa kuchimba mafuta ulioitwa Deepwater Horizon ulilipuka ukiwa kilomita 66 hivi kutoka ufuo wa jimbo la Louisiana, Marekani. Wafanyakazi 11 walifariki.

Siku mbili baadaye mtambo huo ulizama. Kisima kilichofahamika kwa jina Macondo, kilichokuwa kikichimbwa kwa niaba ya kampuni ya BP ya Uingereza, kikabaki wazi kikitapika mafuta na gesi mchana na usiku.

Swali lililokuwa vinywani mwa wengi lilikuwa moja: mbona wasikizibe tu? Jibu lake linatuhusu hata sisi wa pwani ya Afrika Mashariki, kwa kuwa visima vya aina hiyo vimekwisha kuchimbwa katika bahari yetu.

Kinga tatu za kisima

Mafuta na gesi hukaa ndani ya vitundu vidogo vya miamba, yakiwa yamekandamizwa na uzito wa mawe na maji yaliyo juu yake. Anayetoboa mwamba huo ni kama mtu anayefungua chupa ya soda iliyotikiswa: kilichomo ndani hutafuta njia ya kutoka kwa nguvu.

Ili kudhibiti nguvu hiyo, wachimbaji hutegemea kinga tatu. Ya kwanza ni tope zito lililotengenezwa kwa kazi hiyo. Tope hili hujazwa kisimani, na uzito wake ndio unaoyasukuma mafuta na gesi yasipande juu.

Kinga ya pili ni saruji. Mabomba ya chuma huteremshwa ndani ya kisima, kisha saruji humiminwa kati ya chuma na mwamba ili pasiwepo mwanya wa kupitisha gesi.

Ya tatu ni rundo la vali kubwa linalowekwa juu ya mdomo wa kisima, sakafuni mwa bahari. Lile la Macondo lilikuwa na urefu wa takriban mita 16. Ndani yake mna visu vya chuma vilivyokusudiwa kulikata bomba la kuchimbia na kukifunga kisima papo hapo mambo yakiharibika.

Usiku ule wa Aprili kinga zote tatu zilishindwa. Saruji iliyokuwa chini kabisa haikushika barabara. Kipimo cha shinikizo ambacho kingewafichulia wafanyakazi kasoro hiyo kilifasiriwa vibaya, wakaamini kwamba kisima kiko salama.

Wakaendelea kuliondoa tope zito na kuweka maji ya bahari, ambayo ni mepesi. Gesi ikapata njia, ikapanda hadi juu ya mtambo na kulipuka. Nazo zile vali za sakafuni hazikuweza kukifunga kisima, kwani bomba lilikuwa limepinda na visu havikulikata vilivyostahili.

Giza, baridi na uzito wa maji

Kisima kikilipuka nchi kavu, wataalamu hukifikia kwa magari na mitambo yao. Kikilipuka katika maji ya kina kifupi, wapiga mbizi wanaweza kuteremka. Lakini katika kina cha mita 1,500, hakuna mpiga mbizi anayeweza kufanya kazi.

Uzito wa maji mahali hapo ni takriban mara 150 ya ule wa hewa tunayoivuta. Mwanga wa jua haufiki kamwe, na maji yana baridi ya nyuzi chache tu juu ya sufuri. Kila kokwa ya kufunguliwa na kila waya wa kukatwa lazima uachiwe roboti zinazoendeshwa kwa nyaya ndefu kutoka kwenye meli.

Kuna adui mwingine ambaye wengi hawakumtarajia. Gesi ya methani ikikutana na maji chini ya shinikizo kubwa na baridi kali, huganda ikawa kitu mfano wa barafu. Barafu hiyo inaweza kuziba mabomba na vifaa vya uokoaji kwa muda mfupi.

BP ililijua hilo kwa uchungu mwezi wa Mei. Kampuni hiyo iliteremsha sanduku kubwa la chuma, lenye uzito wa karibu tani 100, ili lifunike tundu na kuyaelekeza mafuta melini. Kabla halijaanza kazi, barafu ya gesi ikajaa ndani yake. Likalazimika kuwekwa kando.

Jaribio baada ya jaribio

Mafundi wakaingiza bomba jembamba ndani ya lile lililovunjika ili kunyonya mafuta. Yalipatikana, ila kiasi chake kilikuwa kidogo ukilinganisha na kilichomwagika.

Kati ya Mei 26 na 29, walijaribu kukisonga kisima kwa kukisukumia tope zito kutoka juu. Waliongeza hata vipande vya mpira na takataka nyingine ngumu ili vizibe mianya. Lakini nguvu ya mafuta yaliyokuwa yakipanda iliyatapika yote hayo.

Mwanzoni mwa Juni walilikata bomba lililopinda na kukiwekea kisima kofia iliyokaa juu bila kukazwa. Sehemu ya mafuta ilivutwa hadi melini, nyingine ikaendelea kumwagika pembeni.

Ufumbuzi ulipatikana mwezi wa Julai. Kofia hiyo iliondolewa, na mahali pake pakafungwa kifaa kipya chenye vali kadhaa kilichokazwa kwa bolti juu ya mdomo wa kisima. Mnamo Julai 15 vali zake zilifungwa moja baada ya nyingine, na kwa mara ya kwanza tangu Aprili mafuta yakakoma kumwagika baharini.

Hata hivyo, haikuwa siku ya kushangilia. Wataalamu walihofia kwamba mafuta yakizuiwa juu yangepasua kuta za kisima na kutokea kwenye sakafu ya bahari kupitia miamba, mahali ambapo hakuna kifuniko kingeweza kuwekwa.

Ndiyo maana waliketi wakisoma kipimo cha shinikizo saa baada ya saa. Lau shinikizo lingebaki chini, ingekuwa ishara kwamba mafuta yanavujia kwingine. Liliendelea kupanda polepole, nao wakajua kwamba kuta zilikuwa nzima.

Mapema Agosti tope zito lilisukumwa tena kisimani, mara hii bila upinzani kwa kuwa mafuta hayakuwa yakipanda. Saruji ikafuata.

Kisima cha kando

Kifuniko huzuia mafuta tu, hakikiui kisima. Tiba iliyozoeleka katika taaluma hii ni kuchimba kisima cha pili, kando ya kile kilichopasuka, hadi vikutane chini kabisa. Kupitia hicho cha pili, tope na saruji huingizwa kwenye kiini cha tatizo.

Kazi hii yahitaji ustadi na subira. Katika Macondo, shabaha ilikuwa zaidi ya mita 5,000 chini ya uso wa bahari, na upana wake haukuzidi sahani ya kulia chakula. Wachimbaji hujielekeza kwa kupitisha umeme ardhini na kupima nguvu ya sumaku inayojitokeza kwenye bomba la chuma la kisima wanachokitafuta.

Kisima hicho cha kando kilianza kuchimbwa Mei 2 na kukifikia Macondo katikati ya Septemba. Septemba 19, 2010, serikali ya Marekani ilitangaza kwamba Macondo kimekufa.

Kufikia wakati huo hasara ilikuwa imeenea kote. Mahakama ya Marekani iliamua mwaka wa 2015 kwamba mapipa milioni 3.19 yaliingia baharini. Makadirio ya serikali yalikuwa makubwa zaidi. Mwaka huo huo BP ilikubali kulipa dola bilioni 20.8 kumaliza madai ya serikali kuu na majimbo matano.

Somo lililosahauliwa

La kusikitisha ni kwamba ghuba hiyo hiyo ilikuwa imeshatoa funzo. Juni 3, 1979, kisima cha Ixtoc cha shirika la mafuta la Mexico kililipuka katika maji ya kina cha mita 50 hivi. Huko pia walijaribu kofia ya chuma, tope na takataka ngumu. Kilizibwa Machi 1980, baada ya visima vya kando kuchimbwa.

Miaka 31 baadaye, mbinu zilizotumiwa katika Macondo zilikuwa karibu zile zile. Teknolojia ya kuchimba ilikuwa imeteremka kutoka mita 50 hadi 1,500, ilhali ile ya kuziba ilibaki nyuma.

Baada ya ajali hiyo kampuni za mafuta zilizinduka. Vifaa vya kufunika visima sasa huundwa mapema na kuwekwa tayari. Shirika la Oil Spill Response, linalomilikiwa na kampuni za mafuta, huviweka Norway, Brazil, Singapore na katika bandari ya Saldanha, Afrika Kusini.

Hicho cha Saldanha ndicho kilicho karibu na sisi kuliko vingine barani. Hata hivyo, kukifikisha Mombasa au Mtwara kwa njia ya bahari kunachukua siku kadhaa. Inahitajika pia meli yenye kreni ya kukiteremsha, roboti za kusafisha mdomo wa kisima na wataalamu wa kuziendesha.

Bahari yetu

Katika maji ya Tanzania, gesi nyingi imegunduliwa tangu mwaka wa 2010, baadhi yake katika kina cha zaidi ya mita 2,000, yaani chini zaidi kuliko Macondo. Nchini Msumbiji, gesi ya kina kama hicho ilianza kusafirishwa nje mwaka wa 2022.

Kenya nayo imejaribu bahati. Kisima cha Mbawa kilichimbwa mwaka wa 2012 na kuonyesha gesi isiyotosha kuuzwa. Kile cha Mlima kilianza kuchimbwa mwishoni mwa mwaka wa 2021, na hakikuleta tija.

Huenda msomaji akasema kwamba gesi ina nafuu, kwani haiachi utando mweusi ufuoni. Ni kweli kwa kiasi fulani: katika Macondo, sehemu kubwa ya methani iliyeyukia vilindini. Lakini gesi ina hatari zake. Mwezi wa Machi 2012, kisima cha Elgin katika Bahari ya Kaskazini kilipovuja gesi, wafanyakazi 238 walihamishwa na meli zikaamriwa kukaa mbali kwa hofu ya mlipuko. Ilichukua zaidi ya wiki saba kukidhibiti.

Isitoshe, bahari haijui mpaka wa nchi. Mkondo wa pwani yetu huelekea kaskazini, kutoka Tanzania hadi Kenya. Wakati wa kaskazi hukutana na ule unaoteremka kutoka Somalia. Kinachomwagika kwa jirani chaweza kufika kwenye mikoko na matumbawe yetu, mahali samaki wanapozalia.

Nani atalipa?

Hapa ndipo penye utata. Mikataba ya kimataifa ambayo Kenya ni mwanachama hutoa fidia mafuta yanapomwagika kutoka meli ya mafuta. Haihusu mafuta yanayotoka kisimani.

Wakulima wa mwani wa Indonesia wanalijua hilo vyema. Agosti 2009, kisima cha Montara upande wa Australia kilivuja kwa zaidi ya siku 70, na kikazibwa kwa kisima cha kando baada ya majaribio manne kukosa shabaha. Mwani wa wakulima hao, walio ng'ambo ya pili ya bahari, ulikufa.

Walikwenda mahakamani Australia. Ushindi wao ulikuja mwaka wa 2021, na mwaka uliofuata kampuni husika ikakubali kulipa dola milioni 192.5 za Australia kwa ajili ya wakulima zaidi ya 15,000. Walikuwa wamengoja miaka 13.

Wanawake wanaopanda mwani Kwale na Zanzibar, na wavuvi wa Lamu na Kipini, hawawezi kungoja miaka 13. Wakati wa kuuliza maswali ni kabla ya leseni kutiwa sahihi. Kifaa cha kuzibia kitatoka wapi, na kitachukua siku ngapi? Meli ya kuchimba kisima cha kando itapatikana wapi? Ni fedha kiasi gani zimetengwa kwa fidia, na zinashikiliwa na nani? Je, nchi jirani zimekubaliana jinsi ya kusaidiana?

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika vilindi vya bahari ukuta huo ni ghali mno, na hujengwa gizani na roboti huku mafuta yakiendelea kutapakaa.