Maumivu yameisha, goti bado: Usikimbilie msituni

KAMA wewe ni wa ile mbogi ya wikendi, wale wa kuamka alfajiri Jumamosi kupeleka baiskeli Karura, Ngong au kwenye mashamba ya chai ya Tigoni, unajua kwamba kuanguka hakupigi hodi. Gurudumu la mbele linateleza kwenye tope, unatupa mguu chini ujishike, mwili unageuka lakini kiatu kimekwama. Goti linalia "tak!" Kufikia jioni limefura hadi suruali haipandi.

Mara nyingi kinachokatika hapo ni kano ya mbele iliyo ndani kabisa ya goti, ile inayozuia mfupa wa muundi usiteleze mbele ya mfupa wa paja. Jeraha la kano hiyo lilimweka nje beki wa Liverpool, Virgil van Dijk, kuanzia Oktoba 2020 hadi mwisho wa Julai 2021. Yule ana madaktari na wataalamu wa klabu nzima, na bado ilimchukua zaidi ya miezi tisa. Weka hesabu hiyo kichwani kabla hujawaahidi wenzako kwamba mwezi ujao mko pamoja.

Siku ya kwanza, usimruhusu mtu alikande goti wala kulivuta "lirudi mahali pake". Funga barafu kwa kitambaa uliwekee, inua mguu, kisha ufike hospitali. Ukipigwa eksirei na kuambiwa mifupa iko sawa, usishangilie bado. Eksirei haionyeshi kano. Hiyo huonekana kwa picha ya MRI. Pia si kila anayekatika kano hupasuliwa. Wapo wanaopona kwa mazoezi pekee, na uamuzi huo ni wa kukaa chini na daktari, si wa kusikia stori za WhatsApp.

Sasa habari njema: baiskeli iliyokuangusha ni sehemu ya dawa. Goti likianza kukunjika vizuri, wataalamu wa fiziotherapia hupenda kukuweka kwenye baiskeli isiyotembea. Haitikisi goti, haina kona, na inazungusha kiungo taratibu. Ili pedali izunguke kikamilifu, goti linahitaji kukunjika karibu nyuzi 110. Kwa hivyo usishangae ukianza kwa kwenda mbele na kurudi nyuma nusu mzunguko. Kiti kikiinuliwa kidogo, kazi inakuwa rahisi zaidi.

Shida huja baadaye, mwezi wa tatu au wa nne baada ya upasuaji. Uvimbe umeshuka, magongo umeyarudisha, unapanda matatu bila kushikwa mkono. Unajiona fiti. Hapo ndipo wengi huponzwa, maana maumivu yakiisha haimaanishi kwamba kano mpya imekomaa. Kano inayopandikizwa hupungua nguvu kwanza katika miezi ya mwanzo, kisha huimarika polepole mwili unapoizoea. Ndani ya goti hutasikia lolote la kukuonya.

Utafiti wa Delaware-Oslo, uliochapishwa mwaka 2016 baada ya kufuatilia wagonjwa 106, ulipata kwamba kila mwezi mmoja wa kusubiri kabla ya kurudi kwenye michezo, hadi kufikia mwezi wa tisa, ulipunguza kiwango cha kuumia tena kwa asilimia 51. Na kuumia tena si mchezo. Ni upasuaji wa pili, pesa nyingine, mwaka mwingine, na hatari ya kupata ugonjwa wa yabisi ya goti ukiwa bado kijana.

Kalenda pekee pia haitoshi. Angalia mapaja yako mawili kwenye kioo: la upande ulioumia limekonda. Msuli huo ndio breki ya goti lako unapoteremka. Wataalamu wengi hutaka mguu ulioumia ufikie angalau asilimia 90 ya nguvu za ule mzima, na uweze kuruka kwa mguu mmoja na kutua bila goti kuyumba, kabla ya kukupa ruhusa.

Najua fiziotherapia ni gharama. Uliza mapema SHA au bima yako italipia nini. Kama huwezi kwenda kila wiki, omba upangiwe tizi za kufanyia nyumbani, uwe unarudi kukaguliwa. Tyubu kuukuu ya baiskeli ukiikata inakuwa mpira mzuri wa kuvutia mguu. Ngazi za ploti ni gym. Mtungi wa maji wa lita tano ni uzani. Kipimo chako ni asubuhi ya kesho yake: goti likiamka limevimba, jana ulizidisha.

Ukiruhusiwa kutoka nje, anza na lami tambarare. Fuata barabara pana za murram, kisha vijia vyembamba vyenye mizizi na mawe. Mteremko mkali uwe wa mwisho kabisa. Kwa muda, ziache pedali zinazonasa kiatu. Kuchomoa mguu kunahitaji kuusokota, na hilo goti lako halilihitaji sasa.

Halafu kuna woga. Utafika kwenye kona ya kawaida tu na mikono itakaza breki yenyewe. Hilo halikufanyi mwoga. Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi aliyenolewa na David Kinjah kwa baiskeli za milimani huko Kikuyu, alivunjika mfupa wa paja, kiwiko na mbavu mwezi Juni 2019. Alirudi mashindanoni Februari 2020. Bingwa huyo mara nne wa Tour de France hakushinda tena, lakini aliendelea kushindana kwa miaka kadhaa. Wewe pia unaweza kurudi ukiwa mwendeshaji tofauti kidogo, na bado ukaifurahia Jumamosi yako.

Kwa hivyo wenzako wakiuliza kwenye grupu, "Unarudi lini?", usiwape tarehe. Waambie paja limefika asilimia ngapi. Kisha waombe wakupitie Jumapili moja mzunguke nao kwenye lami, mwendo wa pole.