Lenzi Kwanza, Kiwiliwili Baadaye

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Kila mara gazeti hili linapotoka, wengi wetu huzikimbilia picha kabla ya kusoma hata shairi moja. Kila mtu anajitafuta. Lakini ni wachache wanaojiuliza kwa nini picha hii inang'aa na ile ya pili yake ni kiza kitupu.

Mwaka huu Chama chetu kinachanga pesa ili tununue kamera yetu wenyewe. Tayari mabishano yamezuka, bwenini na hata bwaloni. Huyu anataka ile ya bei kali kabisa, yule anasema yoyote itatosha mradi iwe mpya. Huu ni mwaka wangu wa pili nikipiga picha za chama kwa kamera ya kuazima, na nimeonelea niyaeleze mambo haya polepole. Pesa zenyewe ni jasho la wazazi wetu. Tukikosea, ndugu zetu wanaomaliza masomo wataondoka bila kumbukumbu ya maana.

Kamera ninazozungumzia ni zile za kubadilisha lenzi. Zina sehemu mbili. Ya kwanza ni kiwiliwili, yaani lile sanduku lenye vibonye, betri, kadi, na kile kibamba kinachopokea mwanga kiitwacho sensa. Ya pili ni lenzi, ambayo ndiyo jicho lenyewe. Watu wengi humaliza pesa zote kwenye kiwiliwili, kisha wakaridhika na jicho lolote lile. Hiyo ni sawa na kununua jiko la kifahari halafu ukakosa sufuria. Utapika nini?

Kinachowapumbaza wengi ni hesabu ya megapikseli. Muuzaji atakwambia, "Hii ni 24, ile ni 16 tu," na wewe unatoa pesa mbio mbio. Hebu tupige hesabu. Ukurasa mzima wa A4 ukichapishwa vizuri, kwa nukta 300 katika kila inchi, unahitaji nukta 2,480 kwa upana na 3,508 kwa urefu. Ukizidisha, hazifiki hata milioni 9. Kwa hiyo kamera ya zamani kidogo yenye megapikseli 12 inaujaza ukurasa wa gazeti letu na kubakisha. Hapo hakuna haja ya kugombana.

Sasa tuje kwenye lenzi. Lenzi huandikwa namba za aina mbili. Za kwanza ni milimita. Kadiri milimita zilivyo chache, ndivyo lenzi inavyoona eneo pana. Kadiri zilivyo nyingi, ndivyo inavyovuta vitu vya mbali. Lenzi ya 18 italichukua darasa zima ukiwa umesimama karibu na ubao. Lenzi ya 200 itakuletea uso wa golikipa nawe umesimama nje ya mstari. Namba ya pili huandikwa kwa herufi f, nayo hueleza ukubwa wa tundu la kupitishia mwanga. Hii ina kinyume chake: namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa. Shika hilo sana, maana ndipo siri ilipo.

Chukua mfano wa ukumbi wetu wakati wa michezo ya kuigiza. Taa ni chache na waigizaji hawatulii. Lenzi ya kawaida inayouzwa pamoja na kamera, ile ya milimita 18 hadi 55, ukiivuta mpaka mwisho tundu lake huwa f/5.6. Lenzi ya milimita 50 yenye f/1.8 hupitisha mwanga karibu mara kumi zaidi. Maana yake ni nini? Kama ile ya kwanza inahitaji sehemu ya 1/15 ya sekunde ili picha ionekane, hii ya pili inahitaji 1/150 hivi. Katika 1/15 mwigizaji akiinua mkono, utapata moshi badala ya mkono. Katika 1/150 unapata mkono. Na lenzi hii ya 50 ni miongoni mwa zile za bei nafuu kabisa ambazo Canon na Nikon wamewahi kutengeneza! Ni ndogo, haivuti, ukitaka kusogea karibu tumia miguu yako. Hata kwa picha ya mtu mmoja inafaa sana, kwani huufifisha ukuta ulio nyuma na kuuacha uso ukijitokeza.

Uwanjani mambo ni mengine. Mwanga upo tele, shida ni umbali na mbio. Hapo inafaa lenzi inayofika milimita 200 au 250, na kasi ya 1/500 ya sekunde au zaidi. Lenzi nyingi siku hizi zina kitulizi cha kuzuia mtetemo wa mkono. Ni kizuri, lakini kinatuliza mkono wako wewe, si miguu ya mkimbiaji. Ukienda ziara ya Nakuru kutazama ndege ziwani, hata 200 utaiona fupi. Wenye kazi hiyo hutumia 400 na kuendelea. Kwa upande mwingine, kwa picha za vikundi, majengo na milima, ile ya 18 hadi 55 inatosha kabisa. Msiidharau.

Kabla hujanunua lenzi yoyote, uliza kama inaingia kwenye kamera yako. Kampuni nyingi zina milango yao wenyewe. Nikon walianza mlango wao wa F mwaka 1959, Canon nao wakaleta EF mwaka 1987. Hata ndani ya mlango mmoja kuna mitego. Kamera ndogo za Nikon kama D3500 na D5600 hazina mota ya kulenga, hivyo lenzi za zamani zisizo na mota yake zitaingia lakini itakubidi ulenge kwa mkono. Mwaka 2018 kampuni zote mbili zilileta milango mipya kwa ajili ya kamera zao zisizo na kioo cha ndani. Wapigapicha wengi wamehamia huko, na zile za kioo wanaziuza. Kwetu sisi wenye mfuko mwepesi, hiyo ni neema.

Basi tugawanye pesa vipi? Mwenye kidogo anunue kiwiliwili kilichotumika pamoja na lenzi ya 18 hadi 55. Mwenye wastani aongeze ile ya 50 ya f/1.8 kabla ya kufikiria kitu kingine. Akibakiwa na zaidi, achukue ya kuvuta mbali. Kiwiliwili kikubwa chenye sensa ya milimita 36 kwa 24 kije mwisho kabisa, kwani lenzi zake nazo ni ghali na nzito. Kiwiliwili huzeeka upesi. Lenzi nzuri ikitunzwa itawafaa hata wadogo zetu.

Kuhusu vilivyotumika, kuwa macho, vyote ving'aavyo si dhahabu. Mulika lenzi kwa tochi, utazame kama kuna ukungu ndani, mfano wa utando wa buibui. Ukungu hupenda unyevu, kwa hiyo kitu kilichokaa Pwani bila kutunzwa kichunguzwe mara mbili. Piga picha ya anga tupu kwa f/16. Vidoadoa vikionekana, sensa ina vumbi. Uliza kamera imekwisha kupiga picha ngapi, maana shata nayo huchoka. Jaribu kulenga karibu na mbali. Mwisho, dai risiti. Asiyetaka kutoa risiti huenda anauza mali ya wizi, nawe usije ukajikuta kituo cha polisi ukijieleza.

Sote twajua habari za Mohamed Amin, Mkenya aliyeipiga picha njaa ya Ethiopia mwaka 1984, dunia nzima ikashtuka na kutoa msaada. Leo watu wanakumbuka zile nyuso. Sijamsikia hata mmoja akiuliza zilipigwa kwa kamera ya shilingi ngapi.

Rai yangu kwa wanachama ni hii: tununue kiwiliwili kimoja kilichotumika, lenzi ya 18 hadi 55, na ile ya 50 ya f/1.8. Zitakazobaki tununue betri ya akiba na mkoba usioingiza maji. Lenzi ya uwanjani tuichangie mwaka ujao. Mwenye maoni tofauti asimame mkutanoni atueleze, tumsikilize, kisha tupige kura. Haba na haba hujaza kibaba.