Bluu ndani ya muhogo si uozo

Mama anayeuza muhogo mbichi hapa Songo anajua kwamba gunia lililoshushwa leo kutoka bonde la Ruzizi lisipouzwa mapema ni hasara. Baada ya siku mbili au tatu, ukikata mzizi unaona mistari ya bluu iliyokolea ikifuata mishipa yake. Watu husema umeoza. Bado haujaoza, kuvu na bakteria huja baadaye. Rangi hiyo muhogo umeitoa wenyewe ukijitetea.

Mzizi unapong'olewa huvunjika shingoni na kuchubuka. Jerahani hutoka sianidi, sumu ileile inayotufanya tuloweke muhogo mchungu, nayo huziba njia ambayo seli huitumia kupumua kwa oksijeni. Oksijeni iliyokwama hugeuka kali, ikazaa peroksaidi, na kuanza kuunguza mafuta na protini za seli. Mwaka 2012 watafiti nchini Marekani waliupa muhogo kimeng'enya kinachofungua njia ya pembeni ya kupumua, na mizizi ikachelewa sana kugeuka bluu. Hapo ikadhihirika kwamba chanzo ni oksijeni hiyo kali.

Lakini mmea nao una kinga yake. Kemikali yake iitwayo skopoletini hujazana penye jeraha, na inapokutana na peroksaidi ndipo ile bluu hutokea. Ipo pia vitamini C. Na ipo karotini, ileile inayoyapa mafuta ya mawese wekundu wake, ambayo huipoza oksijeni kali kabla haijadhuru. Utafiti wa kituo cha kilimo cha CIAT, Kolombia, uliotolewa mwaka 2006, ulionyesha kwamba mizizi yenye karotini nyingi huchelewa kugeuka.

Muhogo wa njano, wenye karotini hiyo, tunauhimiza kwa ajili ya vitamini A ya watoto, na ni haki. Naona tunakosea kunyamazia faida hii ya pili, maana mkulima anayeuza mbichi inamgusa mfukoni. Anayeukausha juani, hata hivyo, hupoteza sehemu kubwa ya karotini.

Asiye na mbegu ya njano anaweza kukata mashina wiki mbili kabla ya kuvuna, akibakiza kisiki kifupi. Mizizi itakaa zaidi, na majani yaliyokatwa ni mboga ya sombe. Wanga hupungua kidogo, kwa hiyo mwenye kuuza unga asikate. Njia hii inamfaa anayepeleka mizizi mibichi sokoni.