Kukarabati nyumba mpangaji akiwa ndani: Mipaka ni ipi?

MWENYE nyumba hujikuta njia panda paa linapoanza kuvuja ilhali ndani mna familia inayolipa kodi kila mwezi. Akimwondoa mpangaji atakosa mapato. Akimwacha, mafundi watafanyia kazi katika makao ya mtu.

Hali huwa ngumu zaidi katika nyumba pacha, yaani nyumba mbili zilizo chini ya paa moja na kutenganishwa na ukuta mmoja. Kishindo cha nyundo upande huu husikika upande wa pili, na mfereji mkuu ukifungwa, familia zote mbili hukosa maji.

Kifungu cha 65 cha Sheria ya Ardhi ya 2012 kinamtaka mwenye nyumba aliyekodisha sehemu ya jengo kutunza paa, kuta kuu na mitaro mikuu. Aidha, nyumba sharti iendelee kufaa kuishi binadamu muda wote wa upangaji.

Ili kutimiza wajibu huo, anaruhusiwa kuingia wakati ufaao kukagua na kurekebisha kasoro. Hata hivyo, hapaswi kumsumbua mpangaji kupita kiasi, kwani anayelipa kodi na kutimiza masharti ana haki ya kukaa kwa utulivu.

Hapo ndipo wengi hukosea. Kuziba paa ni wajibu. Kubadilisha vigae na makabati ya jikoni ili kodi ipandishwe ni suala tofauti, na lahitaji makubaliano na mpangaji. Kung'oa milango au kukata maji ili ahame si ukarabati hata kidogo.

Ni busara makubaliano yawekwe kwa maandishi: siku ya kuanza na kumaliza, saa za kazi, atakayelipia mali itakayoharibika, na kiasi cha kodi kitakachopunguzwa iwapo jikoni au choo hakitatumika.

Kazi yenyewe ifanywe chumba kimoja baada ya kingine, mpangaji apate pa kulala na kupikia. Choo kikiwa kimoja tu, kingine cha muda kiandaliwe kabla ya kile kubomolewa.

Tahadhari zaidi yahitajika kwa nyumba kuukuu zilizoezekwa kwa asbestosi. Vumbi lake husababisha saratani, na kanuni za taka za 2006 ziliiorodhesha miongoni mwa taka hatari. Paa la aina hiyo lisiguswe familia ikiwa ndani. Mpangaji ahamishwe kwa muda, kisha arejee nyumba ikiwa salama.